Wimbo wa Kwao Ukipigwa Redioni

  

Leo nataka tuzungumze kuhusu redio. Najua kuna atakayesema mhariri kaishiwa, redio na mapenzi wapi na wapi? Subiri kidogo. Nimepata barua ya dada mmoja ambayo imenikaa kichwani wiki nzima, na kabla sijaijibu inabidi nikupeleke Karagwe na Kyerwa, huko Kagera, mambo yalikotokea.

Sisi wa mijini redio ni kitu cha kwenye foleni. Unaisikiliza ukiwa umekwama barabarani, ukifika nyumbani unashika simu yako, basi. Kule ni tofauti. Redio iko sebuleni, iko dukani Omurushaka, iko kwa fundi baiskeli, iko shambani imening'inizwa kwenye mgomba huku watu wanapalilia. Inatangaza bei ya kahawa, inatangaza misiba, inapeleka salamu kwa shangazi aliyelazwa Nyakahanga, kisha inapiga muziki. Na kwenye muziki ndipo yetu yanapoanza.

Kwa faida ya mliozaliwa juzi: mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa watu binafsi, Tanzania Bara tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam tu. Ukitaka kusikia wimbo wa kwenu ulisubiri zamu yenu ifike, na nchi hii ina makabila zaidi ya 120, kwa hiyo ulisubiri kweli. Watu wa mpakani walikuwa na ujanja wao, walizungusha kitufe polepole mpaka wakampata mtangazaji wa Kampala au wa Kigali. Radio One ikaja 1994. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanza Ngara kwa ajili ya wakimbizi, na jina lenyewe maana yake ni kutumaini. Karagwe nako, mwaka 2007, FADECO ikaanza kurusha matangazo yake katika 100.8 FM. FADECO lilikuwa tayari shirika la kusaidia wakulima, mwanzilishi wake ni Joseph Sekiku, na redio ilizaliwa katika kazi hiyohiyo. Mkulima wa mgongoni mwa kilima anahitaji habari, na gazeti halimfikii.

Haya, barua sasa. Dada huyu ni mhasibu, kwao Tanga. Mumewe ni wa Kyerwa, ile wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Desemba walikwenda kusalimia wakwe, safari yao ya kwanza pamoja na mtoto wao wa miaka mitano. Anasema alipokewa vizuri mno. Alikaangiwa senene, alifundishwa kumenya ndizi bila kujipaka utomvu mikono mizima, mamamkwe akawa anamwita mwanangu. Jioni ya tatu, wamekaa sebuleni, redio ikapiga wimbo wa mzee mmoja na enanga yake.

Nyumba nzima ikanyamaza. Babamkwe akaongeza sauti. Mawifi wakaanza kucheka kabla mzee hajamaliza mstari, maana walijua kinachokuja. Halafu pakafika mahali mumewe akafuta macho. Dada akamuuliza kwa kunong'ona, "Anasema nini?" Akajibiwa, "Ni hadithi ndefu, nitakuambia." Mpaka wanarudi Dar es Salaam hakuambiwa. Sasa anauliza kama ni ujinga kuionea wivu redio.

Dada yangu, si ujinga hata kidogo. Na wala si redio unayoionea wivu.

Kwanza nikueleze ulichosikia. Enanga ni ubao uliochongwa ukawa na shimo refu kama kihori, ukatandikwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi mpaka nyuzi zinafika saba au nane. Mpigaji huimba huku anasimulia. Kuna wafalme humo, mashujaa, vita, mapenzi, na wajanja wa mjini wa zama hizo. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yule yule wa tamthiliya ya kishairi *Mukwava wa Uhehe* na riwaya ya *Ngome ya Mianzi*, alizichambua tendi za enanga za Wahaya mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1986. Kwa hiyo mumeo hakukudanganya, ni hadithi ndefu kweli. Lakini urefu wa hadithi haujawahi kuwa sababu ya kutoisimulia. Mbona ya mpira anayasimulia mpaka saa sita usiku?

Sasa kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Katika redio zetu mtangazaji haruhusiwi kuzungumza lugha yoyote anayotaka. Kanuni za maudhui zinataka Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine ni mpaka kibali maalumu. Wimbo lakini unaruhusiwa kuimbwa kwa lugha yake. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Kayanga akikaa kwenye kipaza sauti anasema kila kitu kwa Kiswahili, kisha anaweka wimbo, na kwa dakika tano sita nyumba nzima inakuwa kwao kabisa. Ukivuka mto Kagera hapo Murongo mambo yanabadilika. Radio West ya Mbarara inazungumza Runyankore-Rukiga kuanzia taarifa ya habari hadi matangazo ya sabuni, na mtu wa Kyerwa anaielewa karibu yote, maana Kinyambo na Kinyankore ni ndugu wa karibu. Ndiyo maana jioni kule mpakani si ajabu kukuta redio iko Tanzania na sauti iko Uganda.

Mimi sipingi kanuni hiyo, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Ni hicho Kiswahili kilichomwezesha Dada wa Tanga kupika jikoni kwa mkwe wake wa Kyerwa bila mkalimani. Bila hicho hata harusi yenyewe sijui ingekuwaje. Ila Kiswahili kimemfikisha sebuleni. Chumba cha ndani kina ufunguo mwingine, na ufunguo huo anao mumewe mfukoni.

Nikupe mfano ambao kila mtu anaujua. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoka huko huko Kagera na albamu yake, akaimba Maria Salome kwa Kihaya, na nchi nzima ikacheza. Harusini tulicheza, baa tulicheza, kwenye daladala konda alikuwa anaitikia. Waliokuwa wanaelewa maneno walikuwa wachache mno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa namna yao wakauita Salome, kizazi kingine kikacheza tena. Kwa hiyo kucheza bila kuelewa tunaweza, tena vizuri. Kiuno hakihitaji kamusi. Lakini kuna tofauti kati ya kucheza na kukaa kimya pamoja, na jioni ile Dada alitakiwa kukaa kimya na watu ambao kimya chao kilikuwa na maana asiyoijua. Hiyo inauma. Nakuelewa.

(Kidogo pembeni: usije ukamwita Mnyambo Mhaya mbele ya shangazi yake. Lugha zinakaribiana, watu wana historia yao. Karagwe ilikuwa ufalme wenye ikulu yake Bweranyange, na Mwingereza Speke alipofika mwaka 1861 alimkuta Rumanyika ametulia kwenye enzi yake. Utanishukuru ukienda ukweni.)

Watangazaji wetu nao nina neno nao, maana najua baadhi wanatusoma. Wimbo wa enanga ukiutupa hewani baada ya tangazo la mbegu, bila kusema huyu mzee anazungumzia nini, unawapa raha wanaojua tayari na unamwacha nje kila mgeni aliyeolewa, kila mwalimu aliyehamishiwa Kaisho, kila nesi wa Nyakahanga ambaye kwao ni Lindi. Dakika moja ya Kiswahili kabla ya wimbo inatosha. Sema nani anaimba, ni kisa gani, na pale atakapoinua sauti ni kwa sababu gani. Kanuni haikukatazi, tena ni Kiswahili chenyewe inachokitaka. Mzee mwenyewe nadhani angefurahi kupata wasikilizaji zaidi.

Nje huko kuna watu wanaolichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Wasamoa, wale wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, leo wanaoishi ng'ambo ni wengi kuliko waliobaki visiwani. Auckland, New Zealand, wana redio zinazowapigia nyimbo za kwao na kuzungumza nao kwa lugha yao, asubuhi kabla ya kazi. Mtoto aliyezaliwa huko anasikia bibi yake anachekea nini. Ni hicho tu ninachokizungumzia.

Turudi kwa shemeji yetu wa Kyerwa. Shemeji, nikuulize kwa heshima. Ulipofuta macho ulimkumbuka nani? Babu? Kaka aliyetangulia? Siku zile za kuchuma kahawa kabla hujaenda shule ya bweni? Mkeo hakuomba tafsiri ya neno kwa neno. Alitaka kujua hilo. Wanaume wengi tunadhani mambo ya kwetu ni mzigo kwa mke wa kabila lingine, tunamwepushia. Yeye anaona anafungiwa mlango. Na kuna mtu wa tatu pale sebuleni ambaye hakuna aliyemtaja, mtoto wa miaka mitano. Naye hakuelewa chochote, na yeye si mgeni, ni wa kwao. Akifika miaka kumi bibi yake atamsimulia kwa lugha gani? Kama hujui pa kuanzia, Profesa Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa msamiati wa Runyambo kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, kitabu kipo. Lakini mwalimu mzuri zaidi ni wewe, jioni, redio ikiwa chini kidogo.

Na Dada, usifikiri nimekusahau. Wewe ni wa Tanga, mji wa taarabu, mji wa Black Star na wa sauti ya Shakila. Wimbo wa Tanga ukipigwa, mumeo anaelewa kila neno kwa sababu ni Kiswahili, kwa hiyo anaamini kaelewa. Thubutu! Fumbo limempita, kijembe kimempita, hajui kwa nini shangazi zako wanagongeana mikono na kuangaliana. Yeye amefungiwa nje bila hata kujua kuwa kuna mlango. Je, umewahi kumfafanulia? Au na wewe ulisema ni hadithi ndefu? Jaribuni hivi Jumamosi moja: wimbo mmoja wa kwake, mmoja wa kwako, kila mmoja anasimamisha na kueleza. Mkianza kubishana juu ya maana, msiache. Wapenzi wenye maneno ya kubishana kuhusu wimbo wana afya.

Tatizo ni kwamba Dar es Salaam hamtaipata 100.8 kwa redio ya kawaida. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, hata Karagwe kwenyewe ukishuka bonde lililo nyuma ya kilima kituo kinaanza kukwaruza, sembuse zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo mtumieni wifi vocha. Wimbo ukipigwa, aweke simu karibu na redio, arekodi, atume kwa WhatsApp. Utasikia na kuku wanapita, usijali. Na kama kijijini bado kuna mzee anayepiga enanga, msisubiri redio imkumbuke. Mwende naye mkae, mmpelekee sukari na sabuni kama desturi inavyotaka, mmwombe ruhusa, mumrekodi vizuri, na mumeo aulize kila asichokielewa. Maana nakuhakikishia, Dada, kuna maneno ya mzee yule ambayo hata yeye mumeo hayajui. Alicheka kwa sababu baba yake alicheka.

Mliooana kutoka pande mbili za nchi, niandikieni wimbo gani umewahi kuwagawa au kuwaunganisha nyumbani kwenu. Mwezi ujao tunabaki huko huko Kagera, lakini tunahamia kwenye pesa ya kahawa, ikiingia inashikwa na nani. Jiandaeni kununa. Alamsiki!