Gego la Mwisho Ling'olewe kwa Sababu

Wiki haipiti bila kijana kuketi kwenye kiti changu hapa Tanga, shavu limevimba, mdomo haufunguki sawasawa, akaniambia: “Dokta, ng'oa yote manne.” Simkubalii haraka.

Magego ya mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, wakati taya mara nyingi limeshajaa. Likikosa nafasi, gego hulala ubavu na kumsukuma jirani yake, au hutokeza nusu tu, likabaki limefunikwa na kipande cha ufizi. Chini ya kipande hicho hunasa mabaki ya chakula ambayo mswaki hauyafikii. Ufizi huvimba, usaha hutunga. Hali hiyo ikijirudia, kung'oa ni haki. Dawa za kununua dukani hutuliza kwa muda, kisha maumivu hurudi, na gego la jirani, lililokuwa zima, huanza kutoboka.

Lakini gego lisilo na ugonjwa? Liacheni. Uingereza ilitoa mwongozo tangu mwaka 2000 kwamba lisiguswe, ilhali Marekani vijana wengi bado hung'olewa mapema. Mimi nasimama na Uingereza. Mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini hupita karibu na mizizi ya gego hilo. Ukijeruhiwa, mdomo hufa ganzi, na wapo ambao ganzi hiyo haiwatoki tena.

Mzazi, kabla hujakubali mwanao ashikwe koleo, omba picha ya eksirei, kisha uliza: gego hili lina ugonjwa gani? Usipopata jibu la kueleweka, ondokeni.