Rufani Isifungwe kwa Komeo la Utaratibu

Wapo wasemao kwamba sheria ikiisha kupitishwa na Bunge, haki nayo imekwisha kutendeka. Sisi hatukubali. Mwaka 1962 nchi yetu ilitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, na ndani yake ikaandikwa kwamba amri ya kizuizi isihojiwe na mahakama yoyote. Hiyo nayo ilipitishwa kihalali. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya kulegezwa mwaka 1985.

Siku hizi mlango hufungwa kwa upole. Tangu mwaka 2002, amri itolewayo katikati ya kesi ya jinai haikatiwi rufani wala haiombewi marejeo, isipokuwa iwe imemaliza shitaka lenyewe. Tunaelewa sababu: kesi zilikwama kwa rufani za kila hatua, na wenye fedha walikuwa hodari wa mchezo huo. Lakini tumtazame mtu wa Newala aliyeshitakiwa kwa mauaji. Anafikishwa mbele ya hakimu, anaambiwa asijibu lolote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Upelelezi haujakamilika, arudi mahabusu. Siku ya pili maneno ni yale yale. Kwa mahakama, kuahirisha huko ni amri ya njiani tu. Kwa aliye ndani ni msimu mzima wa korosho, shamba limeota nyasi na mkewe amerudi kwa kaka zake.

Imebaki dawa moja: kuomba mtu huyo aletwe mbele ya jaji na sababu za kumshika zielezwe. Dawa hiyo imewekwa mikononi mwa Mahakama Kuu peke yake, nayo kwa watu wa Masasi na Newala iko Mtwara. Nauli atatoa nani, na hati ya kiapo ataiandika nani? Na anayetaka kuipinga sheria yenyewe kwa Katiba, marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Aliyeathirika yuko gerezani!

Hatusemi kwamba Mahakama ya Rufani ni adui. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, ilitetea haki ya dhamana. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, ilikibatilisha kifungu kilichoipa hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka nguvu ya kumzuia hakimu asitoe dhamana. Agosti 2020 ikaitengua hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei iliyokuwa imekibatilisha kifungu cha makosa yasiyo na dhamana. Hapo, kwa heshima zote, tunaona ilikosea. Lakini ilisikiliza pande zote, na ndicho tunachomdai mahabusu wa Newala.

Kwa hiyo tunawataka wabunge wetu wakirekebishe kifungu cha 2002, ili kuahirisha kusikokwisha kuweze kukatiwa rufani. Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, andikeni majina ya waliomo mahabusu kutoka vitongoji vyenu, siku waliyokamatwa na mara ngapi kesi imeahirishwa, mkaifikishe orodha hiyo parokiani kabla ya mwisho wa mwezi.