Staa Katupa Modemu Jalalani, Wenzake wa Zombo Bado Wanaihitaji

Haya wadau, kuna dada mmoja wa mjini (jina tunalihifadhi, nyie wenyewe mnamjua kwa kucha zake na magari ya kuazima) kaposti kivideo anatupa modemu ya USB kwenye ndoo ya taka huku anacheka, anauliza nani bado anatumia vitu hivi. Komenti zikajaa vicheko. Mimi nikajiuliza kama ameshawahi kufika Zombo.

Kwa wasioijua, Zombo ni kata ya Kilosa, Morogoro. Ni wilaya hiyohiyo yenye kata inayoitwa Ulaya, kwa hiyo usishangae mtu akikwambia katokea Ulaya na hajawahi kushika pasipoti. Sehemu kama hizo mwenye stesheneri ndiye ofisi ya kila kitu: maombi ya mkopo HESLB kwake, Ajira Portal kwake, CV kwake. Simu yake iko bize na wateja wa miamala, hawezi kuiacha hotspoti kutwa nzima. Modemu anaifunga kwenye waya mrefu wa USB, anaipeleka dirishani kunakoshika mtandao, kazi inaendelea. Ikigoma siku ya mwisho ya maombi, kuna mdogo wetu anabaki nyumbani mwaka mzima.

Sasa inagomaje wakati jana ilikuwa nzima? Hapo ndipo watu wanapopigwa. Microsoft waliachana na Windows 7 Januari 2020, Chrome nayo ikaacha kuihudumia mwaka 2023, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Programu mpya za mawasiliano zinataka Windows mpya. Basi unaweka Windows mpya ili Zoom ikubali. Zoom inakubali, modemu inakataa!

Modemu nyingi za zamani za Huawei, kina E173, ukizichomeka zinajifanya CD kwanza. Kwenye hiyo CD kuna programu yake, ikishajipakia ndipo kifaa kinageuka modemu. Programu ile iliandikwa kwa ajili ya Windows za enzi hizo, na draiva zake mara nyingi hazielewani na hizi za sasa. Kifaa kinabaki CD tu. Mtu analaumu mtandao, anabadilisha laini, ananunua bando lingine, na lile la kwanza liko palepale halijaguswa.

Kwa hiyo kabla hujaitupa, fungua Device Manager. Kama modemu inaonekana pale kwenye orodha ya modemu, achana na ile programu yake. Windows yenyewe bado ina njia ya zamani ya kuunganisha kwa kupiga namba: unaweka *99#, jina na nywila mara nyingi unaacha wazi. APN unaiandika kwenye mipangilio ya ziada ya modemu hivi: AT+CGDCONT=1,"IP","internet", na pale penye internet unaweka APN ya mtandao wako. Ni ushamba? Labda. Ila inafanya kazi.

Kuna mafundi watakwambia uzime ulinzi wa Windows 11 unaoitwa Memory Integrity ili draiva ya zamani ipite. Kwa kompyuta yako ya kuangalizia muvi, shauri yako. Kwa kompyuta ya stesheneri yenye vyeti na namba za NIDA za kijiji kizima, hapana jamani.

Ukinunua ya mtumba, ulizia ile inayofunguka kwenye kivinjari kwa anwani ya 192.168.8.1. Hiyo haitegemei programu ya kupakia, kompyuta inaiona kama mtandao wa kawaida. Na uijaribu na laini yako palepale dukani, maana nyingine zimefungiwa mtandao mmoja.

Kuna na kaka mmoja msanii anayetangaza ruta za 5G, anasema kila asiye nayo kapitwa na wakati. Biashara ni biashara, simlaumu. Ila 5G bila mnara wa 5G karibu ni pambo la mezani. Ile E173 kwenye karatasi inafika megabiti 7.2 kwa sekunde. Hata ukipata robo yake, Zoom wenyewe wanasema video nzuri ya watu wawili inahitaji kama kilobiti 600, na sauti peke yake haifiki hata 100. Usaili wa kazi unafanyika vizuri kabisa.

Mwenye modemu ya zamani iliyokubali Windows 11, aandike hapo chini namba ya modeli iliyoko mgongoni mwake, na aseme alifanyaje. Yule wa kucha naye akisoma hapa, aseme ile yake ilikuwa modeli gani, pengine ndoo haijamwagwa.