Risasi 75 kwa sekunde, halafu?

Mwandishi, Phalanx, bunduki ya melini ya kudungua makombora, umeisifu kupita kiasi. Mitutu sita ya milimita 20, risasi 4,500 kwa dakika, sawa. Lakini ghala lake hubeba risasi 1,550 hivi. Piga hesabu: ni kama sekunde 20 za kufyatua mfululizo, kisha watu waanze kupakia upya. Karasha la kusaga mwamba wa dhahabu hapa Katoro lingezimika haraka hivyo, mwenye mwamba angedai hela yake. Tena ni ngao ya mwisho, si ya kwanza. Januari 30, 2024, Bahari ya Shamu, manowari ya Marekani USS Gravely iliitumia kudungua kombora la Wahouthi lililokuwa limebakiza takribani maili moja tu kuifikia.

Na USS Stark mbona umeiruka? Mwaka 1987, Ghuba ya Uajemi, Phalanx ilikuwemo melini lakini haikuwekwa tayari kufyatua. Makombora mawili ya Iraki yakaua mabaharia 37. Mtambo haukushindwa, haukuruhusiwa kufanya kazi.

Ndugu mchangiaji hapo juu unayesema haya ni ya Wazungu, hayatuhusu: Septemba 20, 1914, manowari ya Waingereza HMS Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Königsberg ya Wajerumani ikaipiga kutoka mbali, ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Baadaye, Königsberg ilipoangamia Rufiji, mizinga yake ilitolewa, mmoja ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen kule Kigoma. Meli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba.