Begi lililonimaliza mabega

Kwenye kipindi cha wiki hii nilitaja kidogo tu, kama utani, kwamba mwaka jana nilikaribia kuiuza kamera yangu kwa sababu ya begi. Baada ya hapo meseji zikamiminika: begi? Begi kivipi? Basi acha nieleze vizuri, maana najua wengi wenu mmeanza kupanda vilima na kamera, na kwenye picha zenu nimeona mnavyobeba. Jamani.

Mimi naishi Sheffield. Ukipanda treni ya kwenda Manchester, baada ya nusu saa hivi unashuka Edale, kijiji kidogo chini ya Kinder Scout. Kinder ina mita 636 tu, mtu wa Moshi akiiona atauliza mlima wenyewe uko wapi. Lakini kule juu ni uwanda wa matope meusi, upepo, na ukungu unaoingia bila kupiga hodi. Na kuna sungura wa mlimani. Wakati wa baridi manyoya yao hugeuka meupe. Scotland wapo wengi, ila upande wa England utawakuta huku Peak District tu. Theluji ikishayeyuka na yeye bado mweupe, unamwona toka mbali kama mfuko wa nailoni uliotupwa majanini. Hiyo ndo picha niliyokuwa naitaka.

Nikaenda Februari. Begi langu lilikuwa zuri kweli, jeusi, lina vipande vya ngozi, ukiingia nalo kwenye mgahawa watu wanageuka. Ndani: kamera gramu 890, lenzi ya 24-70 gramu 805, lenzi ndefu ya 100-400 kama kilo moja na nusu na zaidi. Tripodi kilo 2. Maji lita 2, ambayo ni kilo 2 nyingine. Koti la mvua, betri, chapati, chupa ya chai. Na begi lenyewe, tupu, lina uzito wake, kitu ambacho hakuna anayekumbuka kukihesabu. Jumla nilikuwa nimebeba kilo 10 na ushee, na zote zinaning'inia kwenye mikanda miwili myembamba ya mabegani. Mkanda wa kiunoni ulikuwepo, ndiyo, lakini ulikuwa utepe tu, wa kufungia zawadi.

Nilipanda kwa ngazi za mawe za Jacob's Ladder. Nilipofika juu vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi. Nikasema ni baridi. Halafu nikamwona. Kajikunyata nyuma ya jiwe, hatua kama ishirini, mweupe pe. Sasa toa begi. Begi lile lilifunguka kwa mbele, kwa hiyo lazima ulilaze kwa upande unaogusa mgongo wako, yaani ule utakaouvaa tena, chini kwenye matope. Nikalilaza. Zipu haishikiki, vidole havina habari na mimi. Nikavuta zipu kwa meno, nawaambia ukweli. Nikatoa kamera, nikainua kichwa, jiwe lipo, sungura hayupo.

Hilo la sungura lingeisha hapo. Ganzi ndo haikuisha. Wiki tatu kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vinawaka kama nimegusa upupu. Kufunga kifungo cha shati ilikuwa kazi. Wikendi mimi hupiga picha za harusi, ndo ninavyolipa sehemu ya kodi ya nyumba, na kwenye harusi moja niliidondosha kamera. Namshukuru Mungu ilikuwa na mkanda shingoni. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanieleza kwamba mishipa ya fahamu ya mkono inapita chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele unaotoka shingoni kwenda begani, na mkanda mwembamba wenye mzigo unaikandamiza hapohapo. Akasema niache kubeba vile kabla haijawa ya kudumu. Hakusema kwa ukali, ndo maana nilishtuka.

Mama yangu yeye alishasema: uza. Likamera lote hilo la nini, simu unayo.

Lakini Mama ni mtoto wa Muheza, na kuna jioni moja aliniona navaa lile begi kumwonyesha kaka yangu, akaacha alichokuwa anafanya. "Hebu simama hivyohivyo. Nani kakufundisha kubeba na mabega?" Akaanza kueleza walivyokuwa wanateka maji, ndoo ya lita 20 kichwani, na chini ya ndoo ngata. Kwa msiojua, ngata ni kanga au kitambaa kilichosokotwa kikawa duara, unakiweka kichwani kisha ndoo inakaa juu yake. Ngata inautuliza mzigo usicheze, na uzito unateremka moja kwa moja kwenye shingo na uti wa mgongo, mpaka miguuni. Mabega yamekaa tu, mikono inapunga. Akaja nyuma yangu, akanibonyeza kwa vidole gumba kwenye nyonga, huku na huku. "Hapa. Mbona hapa pako bure?"

Nyonga ni ile mifupa miwili unayoigusa ukishika kiuno. Na hapo Mama alikuwa amesema, bila kuingia duka lolote, kile ambacho watengenezaji wa mabegi ya milimani wanakijua siku nyingi: sehemu kubwa ya uzito inatakiwa ikae nyongani, na mikanda ya mabega kazi yake ni kulizuia begi lisikuvute nyuma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye begi ni mkanda wa kiunoni. Usijali mifuko ina mingapi. Mkanda uwe mpana, uwe na sponji ngumu kidogo (sponji laini laini dukani inapendeza, baada ya saa moja imelala), na ukikaza ukae juu ya mfupa wa nyonga, usikae tumboni. Jaribio ni hili: jaza begi, funga mkanda wa kiunoni, halafu legeza mikanda ya mabega kabisa. Begi likiteremka mpaka matakoni, lirudishe kwenye rafu.

Cha pili ni urefu wa mgongo, na hapa ndo wengi mnaibiwa, hasa wasichana. Urefu wako wewe hausemi kitu. Mimi na rafiki yangu tuko sawa tukisimama, mgongo wake umenizidi vidole vitatu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo, utagusa mfupa uliotokeza kuliko wenzake. Halafu shika kiuno kama mama anayejiandaa kukugombeza, vidole gumba vikiwa nyuma. Mtu akupime kwa futikamba kutoka ule mfupa mpaka katikati ya vidole gumba. Mimi nilipata sentimita 42. Begi langu zuri lilikuwa na kipimo kimoja kwa binadamu wote, na binadamu huyo sikuwa mimi. Ndiyo maana hata ningekaza ule utepe, usingefika nyongani.

Kuna mabegi ya kamera ambayo mgongo unapandishwa na kushushwa, na kampuni kama Shimoda wanatoa hata mikanda ya mabega iliyokatwa kwa ajili ya wanawake, inayopita pembeni ya kifua badala ya juu yake. Bei yake ukiisikia unakaa chini. Mimi nililipata la mtumba, la kampuni nyingine, lenye mgongo wa kurekebisha, kwa nusu ya bei, na lina doa moja la rangi ambalo hakuna anayeliona. Rafiki yangu alifanya tofauti: alichukua shanta lake la kawaida la kutembelea milimani, lita 40, akanunua lile boksi la sponji lenye vyumba vya lenzi, akalitumbukiza ndani. Mgongo wake unamshukuru kuliko wangu, nakiri. Shida yake, boksi liko chini na shanta linafunguka kwa juu, kwa hiyo akitaka lenzi anatoa kwanza koti, chakula na maneno mawili matatu ya Kiingereza. Kama huna haraka na unapiga picha za mandhari, nenda na njia yake. Kama ni wanyama, tafuta begi linalofunguka kwa upande wa mgongo. Unalilaza kwa uso, matope yanabaki nje, upande wako unabaki mkavu.

Dukani nenda na vitu vyako vyote, usikubali kujaribu begi tupu. Begi tupu lolote ni tamu. Nilizunguka nalo dukani dakika ishirini, nikapanda na kushuka ngazi, muuzaji akaanza kunifuata kwa macho. Mwache akufuate. Ukivaa: legeza kila kitu kwanza, funga kiuno, kisha mabega, kisha vile vikanda vidogo vya juu ya bega vinavyopanda mshazari kuelekea begini, vuta kidogo tu begi lisogee mgongoni. Kifua mwisho. Na sisi tunaovaa hijabu, angalia ule mkanda wa kifuani usije ukabana mtandio. Niliwahi kugeuza shingo ghafla nikajinyonga mwenyewe mbele ya watalii.

Kupanga: lenzi nzito ikae karibu na mgongo, usawa wa katikati kwenda juu. Ukiiweka mbali na mgongo, begi linakuwa kama mtoto anayejirusha nyuma. Tripodi ukiifunga upande mmoja, maji yaende upande wa pili, la sivyo utashuka mlima umepinda. Na maji yasilale chumba kimoja na kamera, hata kama chupa umeambiwa haivuji.

Ila dawa kubwa kuliko zote ilikuwa ya bure: niliacha ile 24-70 nyumbani. Miezi sita sasa, sijaikumbuka hata mara moja kule juu.

Januari hii nilitaka kulijaribu begi sehemu nyepesi kabla ya kurudi Kinder, nikapanda Mam Tor, mita 517, njia ina ngazi za mawe na si ndefu. Mama akasema anakuja. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala bondeni lote la Hope, na katikati limechomoza bomba la kiwanda cha saruji peke yake, kama mlingoti wa jahazi lililozama. Nikapiga picha nyingi. Vidole vyote kumi vilikuwepo kazini. Nikamwambia Mama kwamba watu wa hapa husema jina la kilima hiki maana yake ni kilima mama, akajibu, "Ndo maana kimetulia."

Wakati wa kushuka akaomba ajaribu begi. Nikamfungia mkanda kiunoni, nikashusha mgongo kidogo maana ni mfupi kuliko mimi, akatembea hatua chache, akasimama, akajipapasa nyonga. Nikanyoosha mkono nichukue mzigo wangu. Akanipita. Akateremka nalo mpaka kwenye gari, mikono inapunga, na mimi nyuma yake na kamera.