Heshima Isiwe Ngao ya Mwonevu

Mhasibu akiiba fedha za shirika, ofisi nzima humnyooshea kidole. Lakini karani wa kike akisema kwamba meneja amemtaka kimwili ndipo amthibitishe kazini, wenziwe huinamisha vichwa: "Tusimvunjie mzee heshima." Wako hata wanaouliza binti huyo alivaa nini siku hiyo!

Watu hao maadili wanayo, ila wameyakabidhi kwa cheo na jina la ofisi, na binti hakubakiziwa kitu. Hiyo ni kasumba. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi uonevu, wala haukumtoa mwenye mvi. Nayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inaihesabu ngono inayodaiwa kwa nguvu ya madaraka kuwa ni rushwa. Basi anayemfichua mwizi wa shilingi na kumsitiri mla rushwa ya ngono analinda heshima ya nani?

Mfanyakazi aliyeshuhudia hakuombwa kuhukumu. Anatakiwa aseme alichokiona na kukisikia, naye mtuhumiwa ajibu mbele ya vyombo vya sheria, si katika minong'ono ya kantini.