Mbao zinavuka mpaka, visiki hakuna anayehesabu

Bunia, kartie Lumumba

Vijana wenzetu,

Kamio za mbao tunaziona wote. Zinatoka Mambasa na Irumu, zinapita Komanda, kisha zingine zinashika njia ya Mahagi, zingine ya Beni mpaka Kasindi. Ng'ambo ni Uganda, na nyuma yake Kenya. Kule libuyu yetu inakuwa mlango, meza, kitanda. Siye tunabaki na vumbi.

Watatuambia sheria iko. Ndiyo, iko. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inaweka kipimo kwa magogo yanayouzwa inje: yasipite asilimia 30 ya mavuno ya mwaka, na kwa miaka 10 tu. Nia yake ni mti ufanyiwe kazi hapa kwetu. Lakini huku mti unapasuliwa palepale porini kwa tronsoneze, unatoka mbao mbichi. Kipimo cha magogo hakiigusi. Kuikausha, kuiranda na kuiunda, kazi ambayo ingelisha vijana wa Bunia, inavuka nayo.

Kuna kitu kibaya zaidi. Kwenye bariere wanahesabu mbao, wanalipisha. Hesabu hiyo inaonyesha franga iliyoingia, haionyeshi msitu uliobaki. Mti kama libuyu unahitaji makumi ya miaka kukomaa. Wakikata kila siku ile mikubwa yenye kutoa mbegu, watoto wetu wataota nini?

Mwezi wa Novemba 2022, kule Panama, nchi za dunia ziliweka akaju ya Afrika, Khaya, kwenye orodha ya CITES. Maana yake, nchi inayoiuza inje lazima ionyeshe kwamba ukataji hauimalizi. Tutaonyesha na nini, kama visiki havihesabiwe?

Hatuseme watu waache kukata. Mpasuaji wa Mambasa naye iko natafuta chakula ya watoto. Tunasema ukataji uwe na hesabu. Kwa hiyo tunaomba serikali ya jimbo, ambayo tangu Mei 2021 iko mikononi mwa wanajeshi:

1. Itangaze kila mwezi vibali vya kukata: ni vya nani, eneo gani, miti mingapi.

2. Namba ya kisiki iandikwe na kwenye karatasi ya mzigo. Mzigo bila namba usivuke.

3. Ieleze franga ya kupanda miti iko wapi. Sheria ileile ya 2002 iliweka mfuko wa taifa kwa kazi hiyo.

4. Sehemu ya kodi ijenge karakana za mbao hapa Bunia, vijana wapate kazi.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Basi kuuliza si uasi. Ulizo letu ni moja, na tutalirudilia mpaka lijibiwe: visiki ni ngapi?